Kuendesha ibada inayompa kila mtu nafasi bila kugeuka vurugu: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ni yale yale. Nikiwaachia watu wote nafasi ya kusema, nitamsimamishaje yule asiyejua kumaliza? Kupanga dakika si kumzimisha Roho? Na mbona wiki iliyopita nilipouliza nani ana neno, wote wakainamia viatu vyao? Nimeyajibu kwenye simu na nimeyajibu mlangoni baada ya ibada, mara nyingi kiasi kwamba sasa naona heri niyaandike.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeongoza watu kati ya 8 na 60: kikundi cha nyumbani, ushirika wa vijana, ibada ya katikati ya wiki au kanisa changa la Jumapili. Walio wengi zaidi ya hapo nimewagusa kwenye hatua ya 2.

Nadharia ni fupi. Anayependa uhuru hunukuu 1 Wakorintho 14:26, "kila mmoja ana zaburi, ana fundisho". Anayependa nidhamu hunukuu mstari wa 40, "kwa uzuri na kwa utaratibu". Ni sura moja, na katikati yake Paulo anaagiza mambo ya vitendo kabisa: wanaonena kwa lugha wawe wawili au watatu, zamu kwa zamu, na mmoja afasiri, asipokuwepo wa kufasiri, anyamaze, manabii wawili au watatu wanene, wengine wapambanue. Halafu unakuja mstari wa 30, ambao wengi wetu huuruka. Mwingine aliyeketi akifunuliwa neno, yule wa kwanza na anyamaze. Soma tena uone nani anaambiwa anyamaze. Ni yule aliyekwisha kusimama. Aliyeketi ndiye anayelindwa. Hatua zote zilizo hapa chini zimejengwa juu ya mstari huo.

Kabla ya kuanza, hakikisha una haya

- Kibali cha wazee au cha mchungaji, kilichotolewa wazi. Ukianza kimyakimya, siku mambo yakiharibika utabaki peke yako.
- Mtu wa pili wa kutunza muda. Usijaribu kuongoza na kutunza muda wewe mwenyewe.
- Saa ambayo msemaji anaiona kutoka aliposimama.
- Viti vinavyosogea, kama jengo linaruhusu.
- Msimamo wa kanisa lako juu ya mambo matatu: kunena kwa lugha mbele ya watu, unabii, na wanawake kusema katika kusanyiko. Makanisa hayakubaliani hapa. Wapo wanaosimama kwenye 1 Wakorintho 14:34, na wapo wanaokumbusha kwamba sura ya 11 mstari wa 5 inazungumzia wanawake wakisali na kuhutubu. Si kazi ya mwongozo huu kuamua. Kazi yako ni kuujua msimamo wenu kabla ya siku yenyewe, ili dada asije akasimama na kuketishwa mbele za watu kwa jambo ambalo hakuna aliyemwambia.
- Daftari dogo.

Hatua kwa hatua

1. Amua kikao hiki ni cha nini, ukiseme. Ushuhuda, maombi, kujifunza Neno na kuamua mambo ya kanisa ni kazi nne tofauti, na kila moja ina namna yake ya kushirikisha watu. Mkichanganya, mtu atasimama kushuhudia na kumalizia kwa kulalamikia mweka hazina. Mambo ya uamuzi yapelekeni kwenye kikao chake, chenye mwenyekiti, ajenda na kura. Mwaka 1863 mhandisi wa jeshi la Marekani, Henry Martyn Robert, aliombwa kuongoza mkutano wa kanisa kule New Bedford, ukamshinda kabisa. Aibu ile ndiyo iliyomsukuma kujifunza taratibu za mikutano, na mwaka 1876 akachapisha kanuni ambazo vyama vingi vinazitumia hadi leo. Ni nzuri kwa kikao cha uamuzi. Usizilete kwenye ibada ya maombi.

2. Piga hesabu ya dakika. Watu hawapendi hatua hii kwa sababu haina upako, lakini ndiyo inayookoa ibada. Chukua watu 25 na nafasi ya wazi ya dakika 40. Kila mmoja akipewa dakika 3, unahitaji dakika 75, bila kuhesabu kusimama, kufika mbele, salamu na pambio la katikati. Kwa dakika 40 utapata watu 10, pengine 11. Sasa chagua: ama wachache wasimame leo na wengine wiki ijayo, ama ugawe watu katika vikundi vya watano watano kwa dakika 20, kisha mmoja kutoka kila kikundi aseme mbele ya wote. Mkizidi 60, anza moja kwa moja na vikundi. Usijidanganye kwamba maiki moja itawafikia watu 200.

Kwa anayesema kuangalia saa ni mambo ya siku hizi: karibu mwaka 155, Yustino Mfiadini alipomweleza kaisari wa Roma jinsi Wakristo wanavyokutana Jumapili, alisema maandiko yanasomwa kadiri muda unavyoruhusu. Na Paulo mwenyewe, kule Troa, aliendelea kuhubiri hata usiku wa manane mpaka kijana Eutiko akasinzia na kuanguka kutoka orofa ya tatu. Kijana alifufuka. Wewe usitegemee hilo.

3. Andika kanuni nne, zisizidi, uzisome kila mara mnapoanza. Zangu ni hizi:

- Dakika tatu kwa kila mtu.
- Sema lililokupata wewe, si lililompata mwenzako.
- Aliyekwisha kusema asubiri mpaka wengine wamalize.
- Neno zito kwa mtu mmoja au kwa kanisa zima linapitia kwa wazee kwanza.

Zisome hata kama mko watu wale wale kila wiki. Siku utakayoacha kuzisoma ndiyo siku utakayomkatiza mtu, naye atadhani umemtungia kanuni yeye. Kanuni iliyosomwa kabla hajasimama haimlengi mtu.

4. Ongea na watu wawili au watatu siku mbili kabla. Wachague wale wasiosemaga. Mpigie dada anayekaa nyuma umwambie: "Alhamisi tutazungumza juu ya kusamehe. Ukiwa na lolote, hata dogo, ningependa utufungulie." Usimpe maneno ya kusema na usimlazimishe. Unachompa ni muda wa kujiandaa, kitu ambacho wazungumzaji hodari hawakihitaji na wenye haya hawawezi bila hicho.

Angalia: usimwite mtu jina ghafla mbele za watu ukidhani unamtia moyo. Wengine hawarudi tena.

5. Panga viti na maiki. Chini ya watu 30, kaeni duara au nusu duara, na kila mtu aseme akiwa pale pale alipo. Mtu akipita mbele na kusimama nyuma ya mimbari, sauti yake inabadilika na anaanza kuhubiri. Nimeona hata watu wapole wakipatwa na hali hiyo. Kama maiki inahitajika, iwe moja, na isiache mkono wa mhudumu: yeye anashika, msemaji anasema. Maiki ikishakabidhiwa, kuirudisha ni kazi.

6. Fungua kwa swali jembamba. "Nani ana neno kutoka kwa Bwana?" ni mlango mpana mno, wenye kujiamini wanaingia wote, wenye haya wanabaki nje. Uliza kitu ambacho mtu anaweza kukijibu kwa sentensi mbili: "Wiki hii ni wapi ulitaka kukasirika ukajizuia?" "Katika zaburi tuliyosoma, ni mstari gani umekusimamisha?" "Ni nani unataka tumwombee leo, na kwa jambo gani?" Swali jembamba halimzuii mwenye jambo kubwa. Atapanua mwenyewe.

7. Vumilia kimya. Umeuliza, hakuna anayejibu. Hesabu moyoni hadi 30 kabla ya kufungua kinywa. Sekunde 30 mbele ya watu ni ndefu kama foleni, na utatamani kuimbisha pambio. Usiimbishe. Baadhi ya Wakristo wa dhehebu la Waquaker, au Marafiki kama wanavyojiita, wamekuwa wakiabudu kwa kuketi kimya mpaka mtu aguswe kusema tangu karne ya 17, na kuna ibada zao zinazoisha bila mtu kusema neno. Wewe huhitaji kufika huko. Fika tu 30.

8. Simamia zamu, na ujue kukatiza. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu.

Nilikuwa kiongozi mpya. Mzee mmoja, mtu wa heshima na mwombaji kweli, alisimama kushuhudia jinsi alivyopona. Dakika tano, kumi, akaingia kwenye historia ya familia, akatoka, akaingia kwenye Kutoka sura ya 15. Nikamwacha. Nilijiambia naheshimu umri na naheshimu Roho. Ukweli ni kwamba niliogopa. Dakika ya 20 hivi nikamwona binti aliyekaa karibu na dirisha. Alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, ameikunjua juu ya goti, ameandika pande zote mbili. Dakika ya 30 akaikunja tena, mara moja, mara mbili, mara ya tatu, mara ya nne, akaiweka ndani ya Biblia na kufunga zipu. Mzee alimaliza dakika ya 35, tukaomba, tukatawanyika. Wiki iliyofuata binti alikuja bila karatasi. Sijajua hadi leo ilikuwa na nini.

Kwa hiyo fanya hivi. Dakika ya pili, mtunza muda ainue mkono mahali msemaji anapouona. Dakika ya tatu, asimame. Akiendelea, wewe kiongozi sogea taratibu hadi karibu naye, subiri avute pumzi (kila mtu huvuta), halafu shika jambo la mwisho alilosema uligeuze kuwa ombi fupi: "Asante, mzee wangu. Hilo la kurudi kwa mwanao tulibebe sasa hivi mbele za Bwana." Omba sentensi mbili, sema amina, kisha mgeukie mtu mwingine kwa macho na kwa mwili. Hujamnyamazisha, umempokea. Ila amemaliza.

Usimkatize kwa kuanzisha wimbo, ingawa ndiyo njia inayozoeleka. Watu wote wanaelewa umefanya nini, na wimbo wa Mungu unakuwa kengele ya kumfukuza mtu.

Kama ni mtu wa kurudiarudia, zungumza naye faraghani, ukiwa naye ana kwa ana. Mwambie ukweli: kuna watu hawajawahi kusema, na unahitaji msaada wake ili waseme. Wengi wao, nakwambia, hukubali kwa furaha. Mpe hata kazi: awe ndiye anayemwombea kila aliyesimama mara ya kwanza.

9. Maneno mazito yapambanuliwe. "Bwana ameniambia" ni sentensi inayofunga midomo ya wote, na kwa sababu hiyo hiyo Paulo hakuiacha ipite bila kupimwa. Aliwaambia Wathesalonike, katika barua ya kwanza 5:19-21, wasimzimishe Roho wala wasitweze unabii, na hapo hapo wajaribu mambo yote. Vyote viwili, pumzi moja.

Kwa vitendo: chagua watu wawili au watatu waliokomaa, wakae mahali panapojulikana. Mwenye neno anaanza kwao na kuwanong'oneza kwa kifupi. Wakiona ni la kujenga, kufariji au kutia moyo, anapewa nafasi. Wakisita, linasubiri. Akikataa kusubiri, mkumbushe 1 Wakorintho 14, mstari wa 32: roho za manabii huwatii manabii. Anaweza kujizuia.

Yapo ambayo kwangu hayapiti mbele ya watu hata yakija kwa machozi: kumwambia mtu amwoe fulani, kumwambia mgonjwa aache dawa, kumtaja mchawi, na kuomba pesa. Hilo la pesa si langu. Didake, mafundisho ya Wakristo wa mwanzo kabisa, inasema anayesema katika roho "nipeni fedha" asisikilizwe, ila akiomba kwa ajili ya wahitaji wengine asihukumiwe.

10. Funga kwa saa uliyosema. Kama ulisema saa mbili kamili, iwe saa mbili kamili, hata kama mikono mitatu bado iko juu. Andika majina ya hao watatu kwenye daftari mbele yao na waanze wao wiki ijayo. Ukivunja ahadi ya saa, wenye watoto wadogo na wanaotegemea usafiri wa jioni ndio wanaoacha kuja, na hawatakuambia kwa nini.

11. Pitia daftari usiku huo huo. Andika nani alisema na kwa dakika ngapi. Baada ya wiki nne angalia majina. Kama watu wanne wamechukua nusu ya dakika zote, nafasi yako ya wazi haiko wazi. Rudi hatua ya 4.

Mambo yakikwama

*Hakuna anayesema, wiki ya tatu sasa.* Swali lako ni pana, au watu hawaaminiani. Jaribu wawili wawili kwa dakika tano kabla ya duara kubwa. Mtu aliyekwisha kulisema jambo kwa mmoja analisema kwa ishirini bila shida.

*Mtu ameanza kutoa siri ya mwingine.* Mkatize pale pale, usisubiri avute pumzi. "Ndugu, hapo tusimame, hilo si letu kulisema." Kisha mtafute yule aliyetajwa kabla hajaondoka.

*Mtu amefunua kwamba anapigwa nyumbani, au kwamba mtoto anadhulumiwa.* Usiligeuze kuwa mada ya ibada. Mtu mmoja anayeaminika, na kama ni mwanamke awe mwanamke mwenzake, atoke naye nje. Jambo la mtoto kudhulumiwa linakwenda kwa vyombo vya sheria. Kuliombea hakuondoi wajibu huo, na kulimaliza ndani kwa ajili ya jina la kanisa ni kumwacha mtoto mikononi mwa anayemwumiza.

*Mtu amefundisha jambo lililo kinyume na imani.* Kosa dogo, liache. Utalisahihisha kwa upole akiwa peke yake. Kosa linaloweza kumdhuru msikilizaji leo, lisahihishe kwa sentensi moja bila kumdhalilisha: "Kanisa letu linaamini tofauti hapo, nitalieleza vizuri baadaye." Halafu endelea. Usifungue mjadala.

*Wawili wamejibizana.* Simama katikati yao kwa mwili wako, tangaza dakika mbili za kimya, kisha mwombe mtu wa tatu asome zaburi. Watazungumza baadaye mkiwa watatu.

*Mtu anasema mambo yasiyoshikana na anaonekana hayuko sawa.* Asitolewe pepo na asichekwe. Mhudumu akae karibu naye, ampe maji, na ndugu zake watafutwe. Anahitaji daktari na anahitaji kanisa.

*Watoto wanapiga kelele.* Wape sehemu ya kwanza: wasome andiko, waombe kwanza. Mtoto akijua zamu yake inakuja hukaa vizuri kuliko wazee wengi ninaowajua.

*Mchungaji anajibu kila ushuhuda kwa mahubiri madogo.* Hili ni gumu, kwa sababu huwezi kumpungia mkono. Mwonyeshe daftari mkiwa wawili. Namba hazina dharau.

*Anayesema sana ni wewe.* Mwombe mtunza muda akuhesabie na wewe pia, pamoja na utangulizi, matangazo na yale maneno ya "kuongezea kidogo tu" baada ya kila mtu. Mimi mara ya kwanza nilipohesabiwa zilikuwa dakika 22 kati ya 40, na usiku ule nilikuwa nimerudi nyumbani nikijisifu jinsi nilivyowaacha watu waseme.